Jua la kutengenezwa linahitaji madini ya Kongo: Lubumbashi itapata nini?

LUBUMBASHI – Shaba, koltani, bati, lithiamu: majina haya wakaaji wa Haut-Katanga, Tanganyika na Kivu wanayajua tangu utoto. Sasa yanarudi katika orodha za wanasayansi wa Ulaya, Asia na Amerika wanaotafuta kutoa umeme kwa muunganiko wa nyuklia, nguvu ileile inayolifanya jua liwake. Umeme huo haujafika bado katika nyumba hata moja duniani. Lakini utafiti wa vifaa vya kujengea reakta za kesho unaendelea kwa kasi, na madini hayo ni kati ya vitu vinavyopimwa kila siku katika maabara.

Kwa mji uliozaliwa na shaba mwaka 1910, swali ni rahisi kuuliza na gumu kujibu: je, Katanga itaingia katika teknolojia hii kama chimbo tu, jinsi ilivyokuwa wakati wa urani ya Shinkolobwe, ama itaingia pia na wahandisi wake?

Kuunganisha badala ya kupasua

Reakta za nyuklia zinazotoa umeme leo hupasua atomi nzito za urani. Muunganiko ni kinyume chake. Viini viwili vyepesi vya hidrojeni, kimoja cha deuteriamu na kingine cha tritiamu, husukumwa mpaka vishikane na kuwa heliamu. Wakati huo nguvu kubwa hutoka kwa mafuta kidogo sana. Hakuna moshi wa kaboni, na hatari ya reakta kushindwa kuzimika kama ilivyotokea Chernobyl mwaka 1986 haipo, kwani plazma ikipoa tu, moto unajizima wenyewe.

Ugumu uko kwenye joto. Ndani ya jua, uzito wa jua lenyewe hukandamiza hidrojeni. Hapa duniani uzito huo haupo, kwa hiyo joto linapaswa kupanda hadi nyuzi milioni 150 za Selsiasi, yaani mara kumi ya joto la katikati ya jua. Hakuna chombo kinachoweza kubeba moto wa namna hiyo. Ndiyo maana plazma hushikiliwa hewani na sumaku zenye nguvu nyingi, ndani ya mashine yenye umbo la tairi inayoitwa tokamaki, iliyobuniwa na Wasovieti katika miaka ya 1950.

Miaka hii ya karibuni imeleta habari nyingi. Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya NIF huko California ilipiga kidonge kidogo cha mafuta kwa mionzi ya leza yenye nguvu ya megajuli 2,05, na muunganiko ukarudisha megajuli 3,15. Ilikuwa mara ya kwanza kutoa zaidi ya kile kilichopigwa kwenye mafuta, ingawa leza zenyewe zilikuwa zimevuta karibu megajuli 300 kutoka kwenye umeme wa kawaida. Mwaka 2023, kabla ya kufungwa, mashine ya JET huko Uingereza ilitoa megajuli 69 kwa sekunde chache, ikitumia mafuta ya miligramu 0,2 tu. Januari 2025 mashine ya EAST ya China ilishikilia plazma kwa sekunde 1 066. Tarehe 12 Februari mwaka huohuo, mashine ya WEST huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, ilifika sekunde 1 337, zaidi ya dakika 22.

Jirani na WEST kunajengwa mashine kubwa kuliko zote, ITER, kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2006 na Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, China, Japani, India na Korea Kusini. Lengo lake ni kutoa megawati 500 za joto kutoka plazma iliyopashwa kwa megawati 50. Kulingana na ratiba iliyotangazwa mwaka 2024, utafiti utaanza 2034, na moto kamili wa deuteriamu na tritiamu utawashwa 2039. ITER yenyewe haitauza umeme. Ni maabara.

Kazi ngumu iko ukutani

Wengi husikia habari za rekodi za plazma. Wachache husikia habari za ukuta. Lakini wataalamu wa muunganiko hurudia jambo moja: kuwasha plazma ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujenga chombo kitakachovumilia miaka mingi mbele yake.

Asilimia 80 ya nguvu ya muunganiko hubebwa na nyutroni, chembe zisizo na umeme ambazo sumaku haziwezi kuzizuia. Zinapiga ukuta, zinaingia ndani ya chuma, zinahamisha atomi kutoka mahali pake, na kwa miaka zinaweza kukifanya chuma kiwe kigumu chenye kuvunjika, au kivimbe. Vilevile zinageuza baadhi ya atomi kuwa za mionzi. Chini ya mashine kuna sehemu inayoitwa daiveta, ambako majivu ya heliamu hutolewa. Hapo joto linafika megawati 10 kwa kila mita moja ya mraba. Ni kama kupanga majiko 10 000 ya umeme ya kilowati moja juu ya nafasi inayotosha meza ndogo, na kuyawasha yote kwa pamoja.

Ni hapa madini ya Kongo yanapoingia katika hadithi.

Shaba, damu ya mashine

Hakuna tokamaki bila shaba. Katika daiveta ya ITER, vipande vya tangsteni, chuma kinachoyeyuka karibu nyuzi 3 400, ndivyo vinavyotazama plazma. Lakini tangsteni peke yake isingevumilia joto hilo kama isingeshikana na mabomba ya maji yaliyotengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na kromiamu na zirkoniamu kidogo, chini ya asilimia 1. Shaba ndiyo inayochukua joto na kulipeleka kwenye maji. Tangsteni hutoka hasa China, lakini mawe yake, wolframiti, yanachimbwa pia katika Kivu.

Shaba iko pia ndani ya sumaku. ITER ina sumaku 18 kubwa zinazozunguka plazma, zilizosukwa kwa nyuzi za niobiamu na bati. Zikipozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, nyuzi hizo hupitisha umeme bila kupoteza chochote njiani. Zaidi ya kilometa 100 000 za nyuzi hizo zilitengenezwa, na karibu nusu ya kila uzi ni shaba. Kazi yake ni ya ulinzi: sumaku ikipata joto ghafla na kupoteza uwezo wake, umeme wote hukimbilia kwenye shaba ili waya usiungue.

Kongo ilichimba zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka 2024, na sasa ni ya pili duniani nyuma ya Chile. Shaba ikiisha kuyeyushwa haina kitambulisho. Sahani za shaba zinazopita Kasumbalesa kila siku ndani ya malori huingia katika soko moja na shaba ya Chile na ya Peru, kisha hurudi duniani zikiwa waya, mabomba na sumaku zenye majina ya viwanda vya nchi nyingine.

Koltani anatafutwa, kobalti anakimbiwa

Mfano wa ajabu zaidi unatoka kwa ndugu wawili wa udongo wetu, tantalamu na kobalti.

Wahandisi wa Ulaya wametengeneza chuma cha pekee kwa reakta za kesho, kinachoitwa Eurofer. Katika vyuma vya kawaida vya joto kali, watu hutumia niobiamu na molibdeni. Lakini niobiamu ikipigwa na nyutroni huzaa atomi za mionzi zinazohitaji miaka 20 000 ili nusu yake iishe. Kwa hiyo mafundi waliiondoa na kuweka tantalamu, karibu asilimia 0,12, na tangsteni karibu asilimia 1. Lengo ni kwamba baada ya miaka 100 hivi chuma cha reakta iliyofungwa kiweze kushikwa na kutumiwa tena, badala ya kuzikwa kwa karne na karne.

Tantalamu ndiyo hutoka katika koltani, na Kongo iko mbele kati ya nchi zinazoichimba. Chimbo linalojulikana zaidi, Rubaya, katika eneo la Masisi, liliangukia mikononi mwa M23 mwezi Aprili 2024. Chuma kinachotafutwa kwa ajili ya nishati safi kina chanzo ambacho wakaaji wa Kivu Kaskazini wanakijua kwa machozi.

Kwa kobalti, hadithi ni kinyume. Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na kila mtu anaitaka kwa ajili ya batri. Lakini ndani ya reakta ya muunganiko kobalti ni adui. Ikimeza nyutroni, inageuka kuwa kobalti-60, yenye mionzi mikali, ileile inayotumiwa hospitalini kuchoma saratani. Nusu yake huisha baada ya miaka mitano na kidogo. Mafundi wanaotengeneza mashine hawawezi kuisogelea. Kwa sababu hiyo, masharti ya ITER yanataka vyuma vingi vilivyo karibu na plazma visiwe na zaidi ya asilimia 0,05 ya kobalti, na sharti hilo linagusa pia mchanganyiko wa shaba.

Kwa Katanga, ambako shaba na kobalti hulala pamoja katika mwamba mmoja, hilo ni somo. Katika teknolojia hii bei haifuati wingi wa tani peke yake. Inafuata usafi, na cheti cha maabara kinachothibitisha usafi huo.

Manono na ukuta wa lithiamu

Mafuta ya muunganiko yana tatizo lake. Deuteriamu inapatikana katika maji ya bahari, lakini tritiamu karibu haipo duniani. Nusu yake huisha kila baada ya miaka 12, na akiba ya kiraia, inayotoka hasa katika reakta za Kanada, ni kilo 25 hadi 30 hivi. Reakta moja yenye nguvu ya muunganiko ya megawati 1 000 ingechoma zaidi ya kilo 50 kwa mwaka.

Jibu ni kuifanya reakta ijitengenezee mafuta yake. Nyuma ya ukuta wa kwanza kutawekwa tabaka la lithiamu. Nyutroni ikipiga lithiamu-6, inazaliwa tritiamu na heliamu. ITER itajaribu vipande vidogo vya tabaka hilo, kwa kuwa hakuna nchi iliyowahi kulijenga kwa ukubwa kamili. Tatizo la pili: katika lithiamu ya kawaida, lithiamu-6 ni kama asilimia 7,5 tu, na kuitenganisha ni kazi ngumu. Njia iliyotumiwa na Marekani wakati wa vita baridi ilitumia zebaki nyingi na kuchafua mito. Maabara sasa zinatafuta njia safi.

Lithiamu inatumika pia katika kituo cha utafiti kinachojengwa Escúzar, karibu na Granada nchini Uhispania, kinachoitwa IFMIF-DONES. Hicho hakitaunganisha chochote. Kitakuwa mahali pa kutesa vyuma. Mashine itarusha chembe za deuteriamu kwenye pazia la lithiamu iliyoyeyuka, lenye unene wa milimita 25, linalotiririka kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde. Hapo zitazaliwa nyutroni zinazofanana na zile za reakta, na vipande vya chuma vitawekwa mbele yake ili ijulikane vitavumilia muda gani. Mashine ya majaribio ya sehemu ya kwanza ya teknolojia hiyo iko Rokkasho, Japani.

Katika jimbo la Tanganyika, Manono inakaa juu ya moja ya hazina kubwa za lithiamu duniani. Makadirio ya mwaka 2019 ya eneo la Roche Dure yalitaja tani milioni 400 za mwamba wenye asilimia 1,65 ya oksidi ya lithiamu. Tangu hapo Manono imejulikana zaidi kwa mabishano ya haki za uchimbaji kati ya makampuni, mpaka mbele ya mahakama za usuluhishi za kimataifa.

Hata hivyo, haifai kudanganyana. Kwa hesabu ya mafuta yanayochomwa, reakta moja ya megawati 1 000 za muunganiko ingemaliza kilo 100 na kidogo za lithiamu-6 kwa mwaka. Magari ya umeme yatanunua lithiamu nyingi zaidi kwa muda mrefu. Atakayefaidika na muunganiko ni yule anayejua kusafisha lithiamu, kutenganisha aina zake na kuipima.

Kivuli cha Shinkolobwe

Katanga imekwisha kupita njia hii. Mwaka 1915 urani iligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji. Mawe yake yalikuwa tajiri kuliko yote yaliyojulikana, mengine yakifika asilimia 65 ya oksidi ya urani. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière du Haut-Katanga, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1 000 za mawe hayo New York na kuyaweka katika bohari la Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la atomiki, lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka mikononi mwa wachimbaji Wakongomani ambao hawakuambiwa wanachimba nini.

Kilichorudi Kongo kilikuwa kidogo, ingawa hakikuwa sifuri. Mwaka 1959 chuo cha Lovanium, Kinshasa, kiliwasha TRICO I, reakta ya kwanza ya utafiti katika Afrika. Ya pili, TRICO II, ilifuata mwaka 1972 na ilisimama mwaka 2004. Mwaka huohuo serikali ilifunga Shinkolobwe kwa amri ya rais, lakini wachimbaji wa mikono walikuwa wamekwisha kuingia, na chimbo likaporomoka mwezi Julai na kuua watu.

Urani bado inaonekana katika miamba ya eneo hili. Mwaka 2018 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ulisimamisha kwa muda mauzo ya kobalti baada ya urani kupatikana ndani yake. Uwezo wa kupima mionzi na uchafu mdogo ndani ya madini, kwa hiyo, ni mahitaji ya leo ya forodha na ya afya ya wafanyakazi.

Lubumbashi ina nini mkononi

Mji hauanzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofungua milango mwaka 1956, kina kitivo cha polytechnique kinachofundisha madini na metalijia. Aprili 2022 kilizinduliwa hapo kituo cha ubora cha Afrika kwa utafiti wa batri, na mwisho wa mwezi huo Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kujenga pamoja mnyororo wa batri na magari ya umeme. Kemia ya kusafisha lithiamu na kobalti kwa batri ni hatua ya kwanza ya kemia inayohitajika kwa muunganiko.

Mfano mwingine unaonekana kutoka karibu kila kona ya mji: mlima mweusi wa masalio ya kiwanda, terril, pembeni ya bomba refu la Gécamines. Kwa miaka mingi watu waliuona kama takataka. Ndani yake kuna jermaniamu, inayotumika katika nyuzi za mawasiliano na miwani ya kuonea usiku. Mwaka 2024 STL, tawi la Gécamines, ilianza kuiuza kwa Umicore ya Ubelgiji, baada ya kujenga kiwanda cha kuitoa. Mlima ulikuwa ule ule. Kilichoongezeka ni ujuzi na mashine.

Milango ya nje pia ipo. Kongo ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu 1961. Shirika hilo pamoja na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, huandaa masomo ya fizikia ya plazma kwa watafiti wa nchi zinazoendelea. Hayo hayahitaji tokamaki Lubumbashi. Yanahitaji walimu wanaolipwa, maabara zenye vipimo vinavyofanya kazi, na umeme usiokatika katikati ya jaribio.

Umeme wa leo kwanza

Hapo ndipo jambo linagusa kila nyumba. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, Mkongomani mmoja hivi kati ya watano ndiye anayepata umeme. Laini ya Inga–Kolwezi, iliyowashwa mwaka 1982 na iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani kwa wakati wake, husafirisha umeme kwa kilometa 1 700 hadi migodi ya Katanga, huku vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya zake vikikaa gizani. Lubumbashi yenyewe, mtaa kwa mtaa, huishi na délestage, na migodi hununua umeme hadi Zambia.

Muunganiko hautaondoa giza hilo kesho. Inga, ambayo uwezo wake unakadiriwa kuzidi megawati 40 000, inaweza kulifanya mapema zaidi ikijengwa kwa ajili ya wakaaji pia. Hata hivyo, mambo haya mawili hayapingani. Nchi inayoweza kupima shaba yake, kusafisha lithiamu yake na kusoma mkataba wa madini kwa macho ya mhandisi itafaidika na batri leo, na na muunganiko kesho.

Mwanafunzi anayeingia sasa mwaka wa kwanza wa polytechnique Lubumbashi atakuwa na uzoefu wa miaka kadhaa siku ITER itakapowasha moto wake kamili. Wakati huo reakta za kibiashara zitakuwa zikichorwa, na wenye viwanda watauliza shaba gani, tantalamu gani, lithiamu gani, na nani anaweza kuthibitisha usafi wake. Wakati wa Shinkolobwe hakuna aliyemuuliza Mkongomani. Safari hii jibu linaweza kutoka katika maabara ya hapa, lakini maabara hiyo inajengwa kwa bajeti na mitaala ya miaka hii, kabla wanunuzi hawajafika.